Vichocheo vya kinga ya mimea: kipi kinamgusa kiwavi, kipi kinaishia kwenye lebo

Pembejeo zinazoahidi "kuamsha kinga ya mmea" zimeongezeka sana, na nyingi kati yake hazina sumu yoyote ya kuua mdudu. Kinachouzwa ni jibu la mmea wenyewe: unanyunyiza, mmea unadhani umeshambuliwa, unajiandaa. Wazo hilo si la kubuni, lina zaidi ya miaka 50 ya ushahidi wa maabara na shamba. Kasoro iko kwenye lebo, ambazo husema "kinga" kana kwamba mmea una kinga moja tu. Unazo zaidi ya moja, na zile mbili kubwa mara nyingi hubanana: ikipanda hii, ile hushuka. Anayenunua kichocheo cha kinga ya magonjwa ili apambane na viwavi anaweza kujikuta amewarahisishia viwavi kazi. Ndiyo maana tumeyapanga mapitio haya kwa viambato amilifu, si kwa majina ya biashara.

Kwa anayetaka jibu la haraka: dhidi ya wadudu wanaotafuna, kundi la jasmoniki (homoni ya mmea ya kupambana na watafunaji) ndilo linalolenga shabaha moja kwa moja, na linafaa zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani. Silikoni ni ununuzi mzuri kwa mazao ya jamii ya nyasi kama mpunga, miwa, ngano na mahindi, lakini kwa nyanya ni ununuzi wa mashaka. Kitosani ni ya magonjwa kwanza, wadudu baadaye. Vichocheo vya aina ya salisiliki (homoni ya kinga ya magonjwa) visinunuliwe kwa ajili ya viwavi.

Mmea unamjuaje mdudu

Bila kulijua hili, lebo haisomeki. Jeraha lenyewe ni habari ya kwanza. Seli zikipasuka humwaga glutamati, na kwenye mwaka 2018 ilionyeshwa kwa Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara, kwamba umwagikaji huo huanzisha wimbi la kalsiamu linalosafiri kupitia mirija ya mmea kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa sekunde. Jani lililo mbali na mdomo wa kiwavi huwa limeshapata taarifa ndani ya dakika chache.

Lakini upepo na mvua ya mawe nao hujeruhi, na mmea hauwezi kugharimia vita kwa kila mchubuko. Kinachotofautisha ni majimaji ya mdomo wa mdudu. Mwaka 1997 ilitambuliwa volisitini, kiambata kilichomo kwenye majimaji ya mdomoni mwa aina mojawapo ya kiwavijeshi. Ukikipaka kwenye jeraha la muhindi, mmea hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi. Mwaka 2006 ikafuata inseptini, na hii ina kioja chake: kiwavijeshi vamizi akila jani la kunde, tumbo lake humeng'enya protini ya kloroplasti ya jani hilohilo, kipande kidogo hurudi mdomoni na kuanguka kwenye jeraha, na kunde hutambua mabaki ya protini yake yenyewe. Kipokezi cha inseptini kiliripotiwa mwaka 2020, nacho kiko kwenye baadhi tu ya jamii ya mikunde, kama kunde na maharage. Nyanya haina. Bidhaa inayodai kuiga "mate ya mdudu" kwa mazao yote inaahidi kisichowezekana.

Habari hizi zote, kwa mdudu anayetafuna, huishia kwenye homoni moja: asidi ya jasmoniki. Mmea huiunganisha na asidi amino iitwayo isolusini, na umbo hilo huziondoa protini za JAZ, vizuizi vilivyogunduliwa mwaka 2007 ambavyo wakati wa amani hushikilia jeni za ulinzi zisifanye kazi. Vizuizi vikiondoka, kazi inaanza. Kwenye nyanya na viazi hutengenezwa protini zinazokwamisha vimeng'enya vya tumboni mwa mdudu, jambo lililoonyeshwa na watafiti Green na Ryan mwaka 1972: mbawakawa wa Colorado, mla majani ya viazi, alitafuna jani moja, protini hizo zikajaa hata kwenye majani ambayo hayakuguswa. Tumbaku hutengeneza nikotini kwenye mizizi na kuipandisha juu. Maharage ya lima huongeza nekta nje ya maua, ili sisimizi waje kulinda.

Dhidi ya vimelea wa magonjwa wanaohitaji seli hai, njia kuu ni nyingine, ile ya asidi ya salisiliki. Wadudu wafyonzaji huleta mkanganyo hapa. Mdomo wao mwembamba hujeruhi kidogo sana, na inzi weupe huenda mbali zaidi: kwenye Arabidopsis ilionekana kwamba huwasha njia ya salisiliki, nayo huibana ile ya jasmoniki ambayo ingewadhuru watoto wao. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua chochote ni dogo: mdudu wako anatafuna au anafyonza?

Kundi la jasmoniki

Hapa kuna asidi ya jasmoniki yenyewe, methili jasmoneti ambayo hupeperuka hewani kwa urahisi, na prohidrojasmoni, ndugu yao wa kutengenezwa kiwandani anayejulikana zaidi kwa kupaka matunda rangi. Bidhaa nyingi za kundi hili husajiliwa kama vidhibiti ukuaji, kwa hiyo usishangae lebo ikizungumzia rangi ya tofaa huku wewe ukitafuta dawa ya viwavi. Nguvu yake ni ya kweli. Majaribio ya shambani ya nyanya yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba mimea iliyonyunyiziwa asidi ya jasmoniki ilikuwa na viwavi walioshambuliwa na nyigu kwa takriban mara mbili ya mimea ya kawaida.

Vipimo vya majaribio kwenye nyanya huwa kati ya milimola 0.5 na 1.5 kwa lita. Kwa methili jasmoneti hiyo ni gramu 0.11 hadi 0.34 kwa lita ya maji. Mafuta haya hayachanganyiki na maji moja kwa moja. Ukiyamimina kwenye bomba yataelea juu, mimea ya kwanza itapata maji matupu na ya mwisho itaungua. Yeyusha kwanza gramu 1 kwenye mililita 10 za ethanoli. Mililita 2.2 za myeyusho huo katika lita moja ya maji hutoa takriban milimola 1. Ongeza kilowanisho (kinachofanya maji yashike jani) kama polisobati mililita 0.5 kwa lita, tikisa, nyunyiza siku hiyohiyo. Jioni ni bora kuliko mchana, kwa sababu joto huyapeperusha mafuta kabla hayajaingia. Vaa glavu, na usichanganye ndani ya chumba kisicho na hewa. Ukiwa na bidhaa iliyosajiliwa, kipimo cha lebo ndicho cha kufuata, na zao lisilotajwa kwenye lebo usiliguse.

Wengi hukata tamaa hapa kwa sababu wanangoja mizoga. Haitakuwepo. Protini za kukwamisha tumbo huchukua siku moja hadi mbili kujaa, na zikishajaa hazimuui kiwavi, humdumaza: anakula polepole, ananenepa kidogo, anabaki mdogo muda mrefu machoni pa ndege na nyigu. Kiwavi aliyekwisha kuwa mkubwa wakati unanyunyiza atamaliza kula na kwenda zake. Muda wa kunyunyiza ni pale mayai yanapoonekana au viwavi wakiwa wadogo, katika hatua ya kwanza na ya pili ya ukuaji. Faida nyingine huja baadaye kidogo: majani yanayochipua baada ya dawa kwenye nyanya huwa na vinyweleo vingi zaidi vyenye tezi za kunata. Majani makuukuu huitika kwa uvivu, kwa hiyo kuyalowesha sana ni kumwaga pesa.

Gharama ya mmea ni kubwa, na wauzaji hawaitaji. Jasmoniki husimamisha ukuaji. Kabla haijahusishwa na wadudu ilikuwa ikijulikana kama kiambata kinachozeesha majani, na ukizidisha kipimo au kurudia kila wiki utaona majani ya chini yakigeuka manjano, matunda yakichelewa na yakipungua idadi. Nyunyizo moja au mbili kwa msimu, zilizolenga kipindi cha hatari, zinatosha. Anayeshauri "kila siku 7 kwa kinga endelevu" anakuuzia udumavu.

Ndiyo maana mbegu ndiyo njia tunayoipa alama za juu. Utafiti wa mwaka 2012 kwa nyanya ulionyesha kwamba mimea iliyotoka kwenye mbegu zilizolowekwa kwenye asidi ya jasmoniki ilistahimili zaidi viwavi, utitiri na hata vidukari, kwa angalau wiki 8, bila ukuaji kuathirika. Siri ni kwamba mmea hauwashwi moja kwa moja. Unaachwa tayari, na hujibu kwa kasi unapoumwa kweli, kwa hiyo haulipi gharama kabla ya adui kufika. Tahadhari ni kipimo: jasmoniki nyingi huzuia mbegu kuota. Jaribu mbegu 50 zilizolowekwa na 50 zilizolowekwa kwenye maji yenye ethanoli kiasi kilekile, hesabu zilizoota, ndipo utie mkono kwenye mfuko mzima. Suuza kwa maji safi baada ya kuloweka.

Kundi la salisiliki

Kiambato maarufu ni asibenzola-S-methili, kinachoigiza kazi ya asidi ya salisiliki. Kwa baadhi ya magonjwa ya bakteria na kuvu ni bidhaa ya heshima, na hatuna ugomvi nayo huko. Ila majaribio ya nyanya shambani yalionyesha kwamba kikinyunyizwa pamoja na asidi ya jasmoniki, ulinzi wa jasmoniki hupungua na viwavijeshi hustawi zaidi. Basi usivichanganye kwenye bomba moja, na kama shamba lina ugonjwa na viwavi kwa pamoja, tibu kimoja kwa kichocheo na kingine kwa njia nyingine kabisa, kwa mfano bakteria wa Bt (Bacillus thuringiensis) kwa viwavi. Lebo ikisema "huamsha kinga ya jumla dhidi ya magonjwa na wadudu" na kiambato ni hiki, rudisha chupa rafuni. Vivyo hivyo kwa zile zenye asidi ya salisiliki ya kawaida.

Kitosani

Hutengenezwa kutoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Mmea huitambua kwa sababu inafanana na ukuta wa kuvu, hivyo jibu lake la kwanza ni la magonjwa. Hata hivyo haina mikono mitupu kwa wadudu: tangu miaka ya 1980 inajulikana kwamba majani ya nyanya yakipewa kitosani hutengeneza zile protini za kukwamisha tumbo. Wauzaji hulitaja hilo kwa furaha. Wasichokitaja ni kwamba majani ya majaribio yale yalikuwa yamekatwa na kunyweshwa kupitia kikonyo. Kwenye jani zima lenye nta, molekuli kubwa kama hii hupenya kwa shida, na matokeo ya shambani dhidi ya viwavi huyumbayumba.

Ukiinunua kama unga, angalia mambo mawili kwenye lebo: asilimia ya uondoaji asetili (bidhaa nzuri huandika, kwa kawaida 75 kwenda juu) na ukubwa wa molekuli, ambapo ndogo hupenya vizuri zaidi. Isiyoandika chochote kati ya hivyo haina sababu ya kuaminiwa. Kwenye maji matupu haiyeyuki. Weka gramu 10 kwenye lita moja ya maji yenye mililita 10 za asidi asetiki, koroga mara kwa mara hadi siku ya pili, chuja kwa kitambaa, kisha ongeza maji hadi ujazo uwe mara kumi ili upate gramu 1 kwa lita. pH iwe kati ya 5.5 na 6. Ikipita takriban 6.5 kitosani huganda na kuwa nyuzinyuzi nyeupe zinazoziba nozeli. Maji yenye chumvi nyingi ya chokaa hufanya hivyo bila wewe kuongeza kitu, kwa hiyo pima maji ya kisima kabla ya kuilaumu bidhaa.

Silikoni

Hii haimwongopei mmea kwamba kuna vita, na pengine ndiyo sababu haina madhara mengi. Mimea ya jamii ya nyasi huinyonya kwa mizizi na kuipanga ndani ya majani kama chembe ngumu za silika, kiasi kinachoweza kufika asilimia 10 ya uzito mkavu kwa mpunga. Viwavijeshi waliolishwa nyasi zenye silika nyingi huchakaa meno ya taya, na hufaidika kidogo na wanachokula. Kwa miwa, hupunguza uharibifu wa funza wa shina. Zaidi ya ugumu, mpunga wenye silikoni ya kutosha hujibu kwa kasi kupitia njia ileile ya jasmoniki unaposhambuliwa.

Neno la kutilia mkazo ni mizizi. Mpunga una protini maalumu kwenye mizizi ya kuingizia silikoni, na jani halina mlango wa namna hiyo. Silikati ya potasiamu ikinyunyizwa kwenye majani hubaki zaidi juu, ikifanya kazi kama ganda jembamba linalooshwa na mvua. Bidhaa za kunyunyiza hazistahili bei ya bidhaa za mizizi. Nyanya nayo hainyonyi kiasi cha maana hata kwa mizizi; tango angalau hunyonya cha kuridhisha.

Silikati ya potasiamu ni kali, pH yake kwenye chupa ni 11 au zaidi. Huwekwa ya kwanza kwenye maji yote, inakorogwa, pH inashushwa, ndipo mbolea nyingine zifuate. Ukianza na naitreti ya kalsiamu au ukazichanganya zikiwa nzito, utapata uji mweupe usiorudi kuwa maji. Usizidishe takriban miligramu 100 za SiO2 (silika) kwa lita, kwani juu kidogo ya hapo silika huanza kujikusanya yenyewe na mizizi haiipati. Usiichanganye kamwe na kitosani: moja huhitaji asidi, nyingine ni alkali. Kwa shamba kubwa silikati ya kalsiamu kwenye udongo ndiyo njia, nayo hupimwa kwa tani kwa hekta, si kwa mililita, na huchukua muda kuyeyuka. Majivu ya maganda ya mpunga yana silika nyingi, lakini yaliyochomwa kwa moto mkali sana hugeuka fuwele na huyeyuka kwa shida. Majivu meusi ya moto wa wastani ni afadhali.

Mengine kwa ufupi. Kuvu wa mizizi, mikoriza, huiandaa mimea mingi dhidi ya watafunaji, ila wafyonzaji kama vidukari wakati mwingine hustawi zaidi juu yake. Vifaa vya kupigia mimea muziki viacheni. Ni kweli kwamba mwaka 2014 mitetemo ya kiwavi anayetafuna, iliyorekodiwa na kurudishwa kwenye jani, iliifanya Arabidopsis iongeze viambata vya haradali (kemikali za ukali za jamii ya kabichi) iliposhambuliwa baadaye. Lakini ulikuwa mtetemo wa jani lenyewe, uliofanana na wa kiwavi. Spika iliyotundikwa juu ya kitalu haifanyi hivyo.

Bidhaa nzuri inaposhindwa

Mara nyingi kosa haliko kwenye chupa. Naitrojeni iliyozidi hutoa majani laini yenye asidi amino nyingi na kinga ndogo, na hakuna kichocheo kitakachofidia hilo. Punguza mbolea kwanza. Aina ya mbegu nayo ina kauli. Mahindi kadhaa ya Ulaya hutoa kwenye mizizi harufu inayowaita minyoo wanaoua mabuu ya mbawakawa wa mizizi, ilhali aina nyingi za Marekani zimeupoteza uwezo huo katika uzalishaji wa mbegu. Kichocheo hakiwezi kuamsha ambacho hakimo.

Halafu kuna wadudu waliobobea. Nondo mwenye alama za almasi mgongoni, adui wa kabichi, ana kimeng'enya cha kuzima viambata vya haradali kabla havijawa sumu, na jike huvitumia viambata hivyohivyo kutambua pa kutaga. Kuongeza haradali kwenye kabichi dhidi yake ni kumwelekeza njia. Mabuu ya mbawakawa wa Colorado nao humwaga kwenye jeraha bakteria wanaowasha njia ya salisiliki, jasmoniki ikadidimia. Kwa wawili hawa usitegemee kichocheo peke yake.

Kupima kama bidhaa inafanya kazi kwako kunahitaji uangalifu mmoja ambao watu hukosa. Methili jasmoneti husafiri hewani. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba mvuke wake peke yake unaiwasha nyanya iliyo kwenye chumba kimoja. Kwa hiyo miche ya kulinganisha isikae kwenye kitalu kilekile kilichofungwa, na shambani iwe upande unakotoka upepo. Nayo inyunyiziwe maji, ethanoli na kilowanisho bila kiambato, kwa sababu ethanoli na kilowanisho vyenyewe vinaweza kuwagusa wadudu wadogo. Weka alama kwenye mimea 20 kila upande. Siku ya tatu na ya saba, usihesabu viwavi tu. Wagawe kwa urefu, chini ya sentimita 1 na juu yake, na piga picha jani la tatu kutoka juu likiwa juu ya karatasi ya mirabaraba ili uhesabu miraba iliyoliwa. Idadi ya viwavi ikilingana pande zote mbili lakini wa upande ulionyunyiziwa wakawa wengi chini ya sentimita 1, bidhaa inafanya kazi.